Daftari la Shule na Majira ya Mto

Katika kila shule ya msingi ya zamani huko vijijini limo daftari kubwa lenye jalada gumu, ambalo mwalimu mkuu hulifungia kabatini pamoja na mhuri na kitabu cha wageni, na ambamo mumeandikwa, kwa hati za watu mbalimbali waliopokezana kazi, jina la kila mtoto aliyepata kuingia shuleni hapo, umri wake au umri uliokisiwa, jina la mzazi wake, kitongoji alichotoka, siku aliyoingia na siku aliyotoka, na mwisho wa mstari, katika safu nyembamba ambayo wakaguzi aghalabu hawaisomi, sababu ya kutoka kwake: amehitimu, amehama, mtoro, ameolewa, amefariki. Daftari hilo ndilo tarikhi ya kijiji iliyo kamili kuliko nyingine yoyote niijuayo. Nililisoma kwa miaka mingi, kwanza kwa wajibu na baadaye kwa mapenzi, katika shule ndogo za ukingo wa kaskazini wa Mto Rufiji nilizopangiwa moja baada ya nyingine, tangu ujana wangu hata nilipostaafu; na yale niliyoyapata humo yamenifanya niikatae kauli iliyozoeleka, kwamba idadi ya wanafunzi wa shamba huongezeka wazazi wanapoamka na hupungua wanapozembea.

Sharti kwanza nieleze habari za nchi yenyewe, maana asiyeijua nchi hawezi kuielewa hesabu ya watoto wake. Mto Rufiji, kabla haujagawanyika matawi mengi na kuingia baharini mkabala wa kisiwa cha Mafia, hupita katika bonde pana, tambarare, ambalo katika miaka mingi hufunikwa na maji mwezi wa Aprili na Mei, na maji yanapopungua huacha tope jeusi lenye rutuba lisilohitaji samadi. Mpunga hupandwa mvua zinapoanza, hukua pamoja na maji, na huvunwa Juni na Julai; kisha katika unyevu uliobaki nyuma ya maji hupandwa mahindi, kunde na maboga, kilimo ambacho wenyeji hukiita mlau. Wazee wa zamani waliishi humo humo bondeni, juu ya miinuko ya mchanga, nyumba ya huyu mbali na nyumba ya yule, kila mtu karibu na shamba lake. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 Serikali ilianzisha Operesheni Rufiji, na watu kwa maelfu wakahamishiwa kwenye ardhi ya juu, miaka michache kabla operesheni ya vijiji haijaenea nchi nzima. Nia ilikuwa njema bila shaka yoyote, kwani watu waliotawanyika hawawezi kujengewa zahanati wala kisima wala shule, na mimi mwenyewe nisingalipata mahali pa kufundishia lau kama watu wale wangalibaki walikokuwa. Lakini mashamba hayakuhama. Yalibaki bondeni, mwendo wa saa mbili au tatu kwa miguu kutoka kwenye nyumba mpya, na kwa wengine zaidi ya hapo, ng'ambo ya maji yanayovukwa kwa mtumbwi.

Niliingia kazini katika miaka ambayo Azimio la Musoma, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU Novemba 1974, lilikuwa limeagiza kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe amepata nafasi ifikapo Novemba 1977, jambo ambalo hapo kabla lilikuwa limekadiriwa kutimia mwaka 1989. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imekwisha kufutwa mwaka 1973. Sijaona tena katika maisha yangu shauku ya umma iliyofanana na ile. Siku ya kuandikisha, akina mama walikuja alfajiri na watoto waliopakwa mafuta ya nazi, na kwa kuwa vyeti vya kuzaliwa havikuwako, tuliupima umri kwa njia iliyojulikana nchi nzima: mtoto hupitisha mkono wa kulia juu ya utosi wake akaligusa sikio la kushoto; akiligusa amefika, asipoligusa hurudi nyumbani hadi mwaka unaofuata, na wengi walirudi wakilia huku wakiendelea kuunyosha mkono njiani. Tulikuwa na vyumba viwili vya udongo vilivyoezekwa makuti, tukasomesha kwa zamu, wengine asubuhi na wengine alasiri, na waliozidi tukawaketisha chini ya mwembe. Walimu wenzangu walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakijifunza ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa vipindi vya jioni ambavyo niliwahi kuvisimamia. Zaidi ya vijana 35,000 walipitia njia hiyo nchini. Baadaye watu waliwadharau, na jina la mwalimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, likafanywa tusi. Mimi niliyekaa nao siwezi kuishiriki dharau hiyo, kwa yakini niliyo nayo kwamba bila wao shule nyingi za bonde letu zisingalifungua milango. Wanafunzi wa shule za msingi Tanzania Bara, waliokuwa kiasi cha milioni 1.2 mwaka 1974, walifika kiasi cha milioni 3.5 mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Basi hiyo ndiyo idadi iliyoandikwa. Idadi iliyoketi darasani ilikuwa na mwenendo wake yenyewe, na mwenendo huo niliujua mwaka wangu wa kwanza tu, mwezi wa Mei, nilipoingia darasa la tatu na kukuta safu nzima za viti vitupu bila ya ugonjwa, bila ya msiba, bila ya sikukuu. Mwanzoni mwa mwaka, walipotakiwa kuandikishwa, watoto walikuwako kijijini. Mpunga ulipoanza kuzaa walishuka bondeni na wazazi wao, wakaishi huko katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu ili maji yapite chini na watu walale salama dhidi ya viboko na nguruwe. Mtu mzima hulinda usiku, kwa moto na debe, dhidi ya nguruwe na viboko. Kuamia ndege mchana ni kazi ya watoto, kwa kombeo na sauti, tangu jua linapochomoza hadi linapozama, kwa majuma mengi mfululizo, kwani kundi moja la kweleakwelea likiachiwa shamba asubuhi moja tu huweza kuondoka na chakula cha mwaka.

Nilishuka bondeni kuwatafuta, kama nilivyoagizwa. Katika dungu moja nilimkuta bibi wa makamo pamoja na mjukuu wake, mvulana mwenye akili nyingi ambaye alikuwa wa kwanza katika hesabu darasani kwangu. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akanikaribisha juu na kunipa maji, ndipo akasema bila ya ukali wowote: "Mwalimu mwanangu, najua umemfuata. Mchukue. Ila kabla hujaondoka nionyeshe nani atakayeamia hapa kesho, maana ndege hawafungi shule." Sikuwa na mtu wa kumwonyesha. Nikamwuliza atamrudisha lini, akanitajia mwezi, na mwezi ulipofika alimleta mwenyewe akimshika mkono, na kikapu cha mchele kichwani kwa ajili ya walimu. Mwaka uliofuata ikawa hivyo hivyo, na uliofuata pia. Na mvulana yule, ambaye katika daftari letu aliandikwa mtoro mara kadhaa, alimaliza darasa la saba.

Ofisini habari hizi ziliitwa kwa jina moja: mwamko mdogo wa wazazi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliwalazimisha wazazi kuwaandikisha watoto wa miaka 7 hadi 13 na kuhakikisha wanahudhuria, na ikaweka adhabu kwa asiyetii. Nayo ilikuwa sheria ya haki, sina neno la kuipinga, kwani ilimlinda mtoto wa kike hasa dhidi ya wale waliotaka kumwoza kabla ya wakati. Lakini sheria iliyotungwa kwa nchi nzima ilifika kwetu mikononi mwa mgambo, nao waliingia bondeni katikati ya majira ya kuamia, wakawakamata baba na mama, wakawatoza faini, na watoto wakaletwa shuleni kwa msururu, wakakaa juma moja, kisha wakatoweka tena usiku. Mwaka uliofuata wazazi kadha wa kadha hawakuwaleta watoto kuandikishwa kabisa. Waliona ni heri mtoto asijulikane kuliko ajulikane kisha atafutwe, na hivyo nguvu iliyokusudiwa kuongeza idadi ikaipunguza pale mlangoni.

Ipo sababu nyingine iliyotajwa sana, nayo ni chuo cha Kurani. Wageni waliotoka bara walidhani kwamba watu wa pwani na wa mtoni wanaichukia shule kwa sababu wanaipenda Kurani, na ni kweli kwamba wazee waliokulia zama ambazo shule nyingi zilikuwa za misheni waliogopa watoto wao wasije wakabatizwa, hofu ambayo haikuondoka mara moja hata baada ya Serikali kuzitwaa shule hizo kwa sheria ya 1969. Lakini nilichokiona mimi kilikuwa kitu kidogo zaidi na chepesi zaidi kutengenezeka. Mwalimu wa chuo alisomesha asubuhi. Shule nayo ilisomesha asubuhi. Mzazi akalazimika kuchagua, na wengi wakamchagulia mvulana shule na binti chuo. Tulikwenda, wajumbe wa kamati ya shule na mimi, tukakaa na maalimu barazani kwake baada ya sala ya Ijumaa, tukamweleza shida yetu kwa adabu iliyompasa, na kabla hatujaondoka alikuwa ameahidi kuhamishia darasa lake alasiri. Mwezi uliofuata mabinti waliongezeka shuleni bila ya hotuba wala mgambo. Nayataja haya kwa urefu kwa sababu katika taarifa zote za uandikishaji nilizopata kuziandika, hapakuwa na mahali pa kueleza kwamba idadi imepanda kwa sababu mzee mmoja amebadili saa yake ya kusomesha.

Kisha zikaja siku nzito. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, kuanguka kwa bei za mazao, na baadaye masharti ya wakopeshaji, viliidhoofisha hazina ya Serikali, na shule za mbali ndizo zilizokuwa za kwanza kusikia. Chaki ikakosekana. Vitabu vikawa kimoja kwa darasa zima. Walimu waliokuwa wakingojea mshahara miezi miwili walikwenda kuvua au kulima, na sikuweza kuwalaumu. Michango ikarudi katikati ya miaka ya 1980: mchango wa UPE, wa ujenzi, wa dawati, wa mlinzi, wa mbio za mwenge, kila mmoja mdogo kwa peke yake, lakini ikijumlishwa kwa mtu mwenye watoto wanne wa umri wa shule, na ambaye fedha huziona mara moja kwa mwaka baada ya kuuza mpunga, ilikuwa mzigo usiobebeka. Tena alikuwako yule aliyehitimu. Katika miaka ile nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na kijiji chetu kiliweza kukaa miaka mingi bila ya mtoto hata mmoja kuchaguliwa. Kijana aliyemaliza darasa la saba alirudi kwenye dungu lile lile na jembe lile lile, au alipanda lori kwenda Dar es Salaam kuuza maji na karanga. Mzazi alikuwa anapima. Aliona gharama, akaona faida, akaamua.

Daftari la miaka hiyo hunitia huzuni kila nikilikumbuka. Idadi ya walioingia darasa la kwanza ilishuka taratibu, bila ya tukio lolote ambalo mtu angeweza kulionyesha kidole, na umri wa kuingia ukapanda: wa miaka 7 wakawa wachache, wa miaka 10 na 11 wakawa wengi, kwani mzazi asiyeweza kuwalipia wawili alimsubirisha mdogo mpaka mkubwa atoke. Ndugu walipokezana nafasi moja. Binti aliyeingia akiwa na miaka 11 alivunja ungo akiwa darasa la nne, akawekwa ndani kama mwali kwa mila, na wengi hawakurudi. Safu ile nyembamba ya mwisho ikaandikwa "ameolewa" mara nyingi kuliko nilivyopata kuona kabla. Kufikia mwaka 2000, nchini kote, watoto wasiofika 60 kati ya kila 100 wenye umri wa shule ya msingi ndio waliokuwa wameandikishwa, ilhali miaka ishirini nyuma yake taifa lilikuwa likitajwa barani Afrika kwa mafanikio yake. Wale walioeleza kushuka huko kwa uzembe wa wazazi wangepaswa kujiuliza ni uzembe gani huo unaoshika taifa zima katika muongo mmoja na kuliachia katika miaka michache.

Maana uliliachia katika miaka michache. Ada na michango ya lazima ilifutwa mwaka 2001, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza 2002, na wanafunzi wa shule za msingi waliokuwa kiasi cha milioni 4.4 mwaka 2000 wakafika kiasi cha milioni 6.5 mwaka 2003. Katika shule yangu tuliwaandikisha waliofika mpaka madaftari yakaisha, tukaendelea kwenye karatasi. Wazazi ni wale wale. Bonde ni lile lile, ndege wale wale, maalimu yule yule. Kilichobadilika ni kwamba mlango ulifunguliwa, na watu ambao tulikuwa tumewasema kwa miaka kumi na mitano kuwa hawajaamka wakaingia wote kwa pamoja, wengine na watoto wenye ndevu, ambao tuliwapeleka katika madarasa ya MEMKWA yaliyowekwa kwa ajili ya waliokosa. Hali ilikuwa hivyo tena Januari 2016, ulipoanza kutekelezwa waraka wa elimu bila malipo, wakati huo mimi nikiwa nimestaafu na kuitwa na wanakijiji kwenye kamati ya shule. Na shule za sekondari za kata zilizoenea baada ya 2004, pamoja na upungufu wake wote wa maabara na walimu wa sayansi, zilimpa mzazi kitu cha kutazamia baada ya darasa la saba. Hiyo nayo iliongeza watoto wa darasa la kwanza, ingawa sijapata kuona taarifa iliyoyaunganisha mambo hayo mawili.

Hapo lakini ndipo palipozaliwa taabu ya aina mpya, ambayo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Fedha za ruzuku huja kwa kichwa cha mwanafunzi. Katika utaratibu wa elimu bila malipo, kila mwanafunzi wa shule ya msingi alikadiriwa shilingi 10,000 kwa mwaka, ambazo 6,000 kati yake ndizo zinazopelekwa shuleni na zilizobaki ni za vitabu. Shule ya barabarani yenye wanafunzi 900 hupata kwa hesabu hiyo shilingi 5,400,000. Shule yetu ya kandokando ya mto, yenye wanafunzi 70, hupata shilingi 420,000, na kwa fedha hizo hutakiwa kununua chaki na karatasi za mitihani, kutengeneza paa, kulipia nauli ya mwalimu mkuu kwenda wilayani kupeleka taarifa, nauli ambayo haipungui kwa sababu wanafunzi ni wachache, bali huzidi kwa sababu njia ni ndefu. Walimu nao hupangwa kwa ikama ya mmoja kwa wanafunzi 45. Kwa hesabu hiyo watoto 70 wanastahili walimu wawili. Lakini madarasa ni saba, na masomo ya kila darasa ni yale yale yanayofundishwa mjini. Nimemwona kijana wa kike, mwalimu mwema, akisimama mlangoni baina ya vyumba viwili, upande huu darasa la kwanza wakiimba silabi, upande ule darasa la tano wakingojea somo la sehemu, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumwuliza kwa nini matokeo ya mtihani yalikuwa mabaya. Matokeo yakiwa mabaya, mzazi mwenye ndugu mjini Ikwiriri humpeleka mtoto wake huko. Idadi hupungua, ruzuku hupungua, mwalimu mmoja huhamishwa, na mwaka ujao wawili wengine huondoka.

Barabara imezidisha mwendo huo. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na kivuko cha zamani kikaachwa, watu wamekuwa wakisogea kwenye njia kuu inayokwenda Kilwa na Lindi, kwa biashara, kwa umeme, kwa hospitali, na ni haki yao. Wilaya ikijumlisha watoto wake huona wameongezeka, na taarifa husomwa mezani kwa furaha. Lakini ndani ya jumla hiyo mna shule zinazofurika mpaka watoto wanakaa sakafuni, na mna shule nyingine, mwendo wa nusu siku kutoka hapo, zinazokauka. Jumla ya wilaya haimwambii mtu yeyote habari za shule moja.

Basi yakaja mazungumzo ya kuunganisha shule. Sina nia ya kumtaja aliyeyaleta, maana aliyaleta kwa nia ya kubana matumizi, lakini katika mkutano mmoja wa hadhara tuliambiwa kwamba shule ndogo ni hasara na kwamba watoto wetu watembee hadi shule ya kijiji cha jirani. Walioendelea walikwisha kuipita njia hiyo: huko Marekani wilaya za elimu, zilizokuwa zaidi ya 117,000 mwaka wa masomo wa 1939 na 1940, zilikuwa zimeunganishwa hata zikabaki kiasi cha 16,000 kufikia 1980, na shule za chumba kimoja za wakulima zikafungwa kwa maelfu. Lakini huko walikuwa na mabasi ya kuwachukua watoto, na barabara za kupitisha mabasi hayo. Kwetu, mtoto wa miaka 7 angetembea saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, akivuka vijito ambavyo Aprili humfika kifuani, katika njia ambayo mamba si hadithi. Mama mmoja alisimama katika mkutano ule akasema kwamba yeye hataki shule kubwa, anataka mtoto wake arudi nyumbani mzima, kisha akaketi. Shauri hilo halikusemwa tena siku ile.

Dawa iliyo karibu na ukweli wa nchi yetu naiona katika shule shikizi, yaani madarasa machache ya chini yanayojengwa kitongojini na kushikizwa kwenye shule mama, ili mtoto aanzie karibu na kwao na ahamie shule mama akiwa amepata nguvu za miguu. Wanakijiji wamekuwa wakizijenga kwa miti na udongo kwa muda mrefu kabla hazijapata jina, na nilifurahi sana Serikali ilipotenga madarasa 3,000 kwa ajili yake katika madarasa 15,000 yaliyojengwa kwa mkopo ambao iliupata mwaka 2021. Zingewekwa na bondeni pia, juu ya miinuko ile ile waliyokaa wazee, zikafunguliwa majira ya kuamia, watoto wangesoma asubuhi kwa zamu na kulinda kwa zamu, na daftari lisingelazimika kuwaita watoro watoto ambao wako kazini na familia zao, mahali panapojulikana, katika mwezi unaojulikana.

Mto wenyewe sasa unabadilika. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwenye mto huu, lilianza kujazwa Desemba 2022, na Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliwakumba watu wa wilaya za Rufiji na Kibiti, mashamba yakazama, shule zikaingia maji, na familia zikahamia kwenye miinuko na kwa jamaa zao. Wengine wamerudi, wengine hawatarudi. Madaftari ya mwaka huo, pale yalipookolewa, yana majina ya watoto waliokwisha kuhama na hayana majina ya waliokuja. Na takwimu za madaftari kama hayo ndizo zinazotumika kugawa walimu na fedha.

Kwa sababu hiyo nawaomba maafisa elimu na waratibu wa kata za bondeni mambo machache ambayo hayahitaji fedha nyingi. Takwimu za shule huchukuliwa mwezi wa Machi. Zichukuliwe tena Juni, na hizo mbili zisomwe pamoja. Katika fomu iongezwe safu ya kuandika mtoto analala wapi majira ya mpunga. Likizo ya Juni kwa shule za mtoni ianze Mei, watoto wakiwa bondeni, na siku zilizopotea zifidiwe Agosti. Shule yenye watoto chini ya 100 ipewe kiwango cha chini cha fedha na cha walimu kisichoshuka hata idadi ikishuka. Na kabla mtu hajaandika neno "mtoro" mbele ya jina la mtoto, aende kwanza akamwulize bibi yake.